Sauti Iliyokauka na Jina Lake

Kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu unapolala juu ya mashamba ya chai, Njombe huwa na jibu moja kwa kila sauti iliyokauka: baridi. Mwalimu akishindwa kuita majina ya mahudhurio, ni baridi. Mwanakwaya akikwama kwenye noti ya juu, ni baridi. Mpiga debe wa stendi ya Makambako, anayeshinda akizitangaza Songea, Mbeya na Iringa, akibaki ananong'ona, naye ataambiwa anywe tangawizi, ajifunge skafu, asubiri. Mara nyingi ushauri huo hufaa na sauti hurudi. Ubaya wake umo humohumo katika kufaa kwake: jibu linalowatosha wengi humfunika yule mmoja ambaye koo lake lina jambo jingine. Kukauka kwa sauti ni dalili, wala si ugonjwa. Na neno "koo" ni jina la mtaa mzima, si la nyumba moja. Anayezijua kwa majina nyumba chache za mtaa huo ana nafasi kubwa zaidi ya kufika kwa tabibu mapema, na ya kueleweka akishafika.

Tuanze na mtaa wenyewe. Nyuma ya kinywa na pua kuna koromeo, njia panda ambamo chakula na hewa hupita pamoja. Chini yake njia hugawanyika: nyuma ni umio, bomba linaloshusha chakula tumboni, mbele ni njia ya hewa iendayo mapafuni. Mlangoni mwa njia hiyo ya hewa ndipo lilipo zoloto, kisanduku cha vipande tisa vya gegedu vilivyoshikanishwa kwa kano na misuli. Kipande kikubwa kuliko vyote ndicho kinachotokeza shingoni mwa wanaume na kuitwa kongomeo. Juu ya zoloto kuna kidakatonge, ambacho jina lake ni maelezo tosha: hudaka tonge lisipotee njia, na mambo yakienda kombo hapo mtu hupaliwa. Ndani ya kisanduku kuna nyuzi mbili za sauti. Tukivuta pumzi huachana. Tukisema hukutana, na hewa inayotoka mapafuni huzitetemesha mara 100 na ushee kwa sekunde kwa mwanamume, na mara 200 hivi kwa mwanamke. Weka vidole shingoni utamke "z" kwa kuvuta, kisha "s". Mtetemo unaousikia katika ile ya kwanza na kuukosa katika ya pili ndio uliowafanya wanaisimu wa Kiswahili wazigawe konsonanti kuwa ghuna na zisizo ghuna. Uzi ukivimba, ukiota kitu juu yake, au ukigoma kusogea, mtetemo huo huvurugika na sauti hukwaruza, hupwelea au hutoweka. Ndiyo maana sikio peke yake haliwezi kutaja chanzo. Magonjwa tofauti kabisa yakigusa nyuzi zilezile, yote hutoa mkwaruzo uleule.

Haki ya baridi tuipe baridi. Chanzo kinachoongoza cha sauti kukauka ghafla ni virusi vilevile vya mafua, ambavyo huvimbisha nyuzi za sauti kwa siku chache, na msimu wa baridi huwarundika watu katika nyumba zilizofungwa madirisha ambamo virusi husambaa kwa urahisi. Moshi wa jiko la kuni na vumbi la mbao, vitu vya kila siku katika mkoa huu, huongeza mwasho. Tena wapo wanaoumia kwa kazi yenyewe: mpiga debe, mwalimu wa darasa lililofurika, mhubiri na mwimbaji wanaweza kuota vinundu kwenye nyuzi za sauti, mfano wa sugu zinazoota viganjani mwa mshika jembe. Na kiungulia, ambacho wengi hukihesabu kuwa shida ya tumbo tu, kinaweza kupandisha asidi hadi kwenye zoloto usiku mtu akiwa amelala, aamke na sauti nzito. Mengi ya haya hutulia kwa kupumzisha sauti, kunywa maji ya kutosha, kujiepusha na moshi na kutibu kiungulia. Lakini uvimbe wa virusi haukai zaidi ya wiki moja au mbili. Ukipita hapo, maelezo ya baridi yameishiwa, na kuendelea kuyatumia ni kulipa jina la zamani jambo jipya.

Yapo pia majina yanayopoteza njia. La kwanza ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Katika sehemu nyingi za Tanzania, kikohozi kisichokoma husingiziwa kimeo kirefu, na mtoto hupelekwa kwa fundi wa kienyeji akikate. Watu wengine hukichanganya hata na kidakatonge, ingawa kimeo kiko juu kabisa na hakilindi njia ya hewa. Kukikata hakugusi zoloto wala mapafu. Kunachoweza kuleta ni kutokwa damu nyingi, maambukizi, na wiki kadhaa zilizopotea huku ugonjwa wenyewe ukiendelea. Jina la pili lina heshima zaidi, kwa kuwa ni la hospitali: kifua kikuu. Limekaa vizuri masikioni, lakini linamwelekeza mgonjwa kifuani peke yake, wakati vimelea vya ugonjwa huo huweza kushambulia hata zoloto. Mtu wa namna hiyo hukaukiwa sauti, huumia akimeza, hukonda, na kwa kuwa kidonda kipo mlangoni mwa pumzi, ni mwepesi sana wa kuambukiza wengine. Njombe haiwezi kulichukulia hili kuwa la nadra tu. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa mkoa huu ni asilimia 12.7, yakiwa juu kuliko mkoa mwingine wowote, huku wastani wa taifa ukiwa asilimia 4.4. Penye VVU, kifua kikuu hupata mwanya. Dawa zake hutolewa bure, na kipimo cha makohozi hakihitaji safari ya mbali. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu kuwaza kwamba sauti yake ina uhusiano na kipimo hicho.

Kuna hata nyakati ambapo zoloto ni zima na kosa liko kwingine. Nyuzi za sauti huendeshwa na neva, na hapa Kiswahili cha kila siku kinatuponza kidogo, maana neno "mshipa" tumelibebesha neva, njia ya damu na kano kwa pamoja. Neva ya upande wa kushoto ina safari ya ajabu: hushuka kutoka kichwani hadi kifuani, huzunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha hupanda tena hadi kwenye zoloto. Njiani humo inaweza kubanwa na uvimbe wa pafu, au na tezi zilizovimba kwa kifua kikuu, na uzi wa sauti ukapooza bila shingo kuonyesha alama yoyote. Neva za pande zote mbili hupita pia nyuma ya tezi dundumio, ile inayovimba na kuwa rovu. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa rovu kwa miaka mingi kutokana na upungufu wa madini joto, ndipo vidonge vya mafuta yenye madini hayo vikagawiwa kuanzia miaka ya 1980 na baadaye chumvi ikaanza kuongezewa madini. Wazee wenye rovu la zamani bado wapo. Mmoja wao sauti yake ikibadilika, au rovu likianza kukua haraka, habari hizo mbili zinapaswa kuelezwa pamoja, si kila moja kwa siku yake.

Neno gumu kuliko yote ni "uvimbe." Kwa Kiswahili, mtu aliyevimba nyuzi za sauti kwa mafua ana uvimbe, na mwenye saratani ya zoloto naye ana uvimbe. Wa kwanza anaweza kurudi nyumbani akiwa na hofu isiyo na sababu. Wa pili anaweza kurudi akiwa ametulia pasipostahili. Kuchelewa kupata jina sahihi kumewahi kumgharimu hata mfalme. Frederick wa Tatu wa Ujerumani, baba yake Wilhelm wa Pili aliyekuwa Kaisari zama Wajerumani walipoitawala Tanganyika, alianza kukaukiwa sauti Januari 1887. Madaktari wake Wajerumani walishuku saratani. Daktari Mwingereza, Morell Mackenzie, akataka ushahidi wa nyama iliyokatwa, na vipande vilivyopimwa havikuonyesha kitu. Miezi ikapita kwa mabishano. Saratani ilipokubalika na wote Novemba, upasuaji wa kuiondoa ulikuwa mzito mno. Alirithi kiti Machi 1888 akiwa hawezi kusema, akitawala kwa kuandika kwenye vikaratasi, na akafa baada ya siku 99. Leo saratani iliyoanzia kwenye nyuzi za sauti ni miongoni mwa zinazotibika vizuri ikikamatwa mapema, na sababu ni ileile inayotusumbua hapa: hukausha sauti tangu ikiwa ndogo, kwa hiyo hujitangaza yenyewe. Tumbaku ndiyo mchochezi wake mkuu, na pombe ikiongezwa juu ya tumbaku hatari huzidi. Kwa watoto, jambo la kukumbuka ni chunjua za zoloto, zinazoletwa na kirusi ambacho mtoto huweza kukipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Sauti ya mtoto hufifia, kisha pumzi huanza kukoroma, na si mara moja watoto hao wametibiwa pumu kwa muda mrefu.

Mtu anaweza kupinga: hayo ni maneno ya madaktari, nao wanayo ya kwao ya Kilatini na Kiingereza, mgonjwa wa Makambako yanamhusu nini? Yanamhusu kwa sababu daktari huanza kwa kuuliza, na huuliza kwa Kiswahili. Anayejibu "koo linasumbua" atapewa dawa ya tonsesi. Anayejibu kwamba koo haliumi ila sauti imekauka tangu mwezi uliopita, na siku hizi anapaliwa na maji, ameshamwelekeza tabibu kwenye zoloto. Mwingine atasema "zoloto" ni neno la vitabuni lisilokaa mdomoni. Dondakoo, kifaduro na pepopunda nayo hayakuwa mepesi, lakini akina mama huyataja bila kusita kwa kuwa waliyazoea kliniki wakichanjisha watoto. Njombe hiyohiyo imejifunza msamiati mzima wa VVU, kuanzia kinga ya mwili hadi kufubaza virusi, kwa sababu maneno hayo yalikuja pamoja na matibabu.

Pingamizi zito zaidi ni la umbali. Bingwa wa masikio, pua na koo hapatikani kila hospitali, rufaa inaweza kumpeleka mtu Mbeya, na saratani ikithibitika, hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Nauli ni nauli, na hakuna jina linaloipunguza. Lakini anayechelewa hakwepi safari hiyo. Huifanya akiwa dhaifu zaidi, kwa matibabu makubwa zaidi. Tena si kila hatua iko mbali, wala kulitazama zoloto hakuhitaji mitambo mikubwa. Aliyekuwa wa kwanza kufahamika kwa kuliona zoloto hai likifanya kazi hakuwa hata daktari: Manuel García, mwalimu wa uimbaji jijini London, mnamo 1854 alijitazama koo kwa vioo viwili na mwanga wa jua. Leo zoloto hutazamwa pia kwa kamera nyembamba, na uchunguzi wenyewe huchukua dakika chache.

Wala haya si maneno ya kutia hofu. Madaktari wengi huweka mpaka wa wiki tatu: sauti iliyokauka bila kurudi kwa muda huo itazamwe, hasa kwa mvutaji na mtu aliyevuka miaka arobaini. Mwenye kikohozi cha wiki mbili apimwe makohozi, na anayeishi na VVU asingoje hata hizo wiki mbili. Anayekoroma akivuta pumzi, anayekohoa damu au anayeshindwa kumeza aende siku hiyohiyo. Waliobaki waanze tu kuhesabu tangu siku sauti ilipobadilika, waiandike nyuma ya daftari la kliniki, na wakifika mbele ya tabibu waanze na tarehe hiyo kabla ya kuitaja baridi.