Mfalme Nyani na Mtihani wa Kuingiza Sauti za Kiswahili

Tamthilia za Kichina zilizoingizwa sauti za Kiswahili zilianza kupata watazamaji wengi nchini mwaka 2011, Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) liliporusha simulizi ya Doudou na mama wakwe zake. Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam, Machi 25, 2013.

Ugomvi wa wakwe hautafsiriki kwa shida. Shida imo katika visa vya ajabu kama “Safari ya Magharibi”, riwaya ya karne ya 16 yenye sura 100, ambayo tamthilia yake ya mwaka 1986 iliongozwa na Yang Jie. Humo nyani mwenye mageuzi 72 humlinda mtawa aendaye India kutafuta maandiko ya Kibudha.

Kwa mkazi wa Newala au Masasi, anayejua vinyago vya shetani vya mchongaji wa Kimakonde, kugeuka umbo si jambo geni. Kigumu ni jina. Adui wa nyani huyo mara nyingi ni mnyama aliyepata nguvu kwa kuishi miaka mingi. Akiitwa jini, anaingizwa katika itikadi ya Kiislamu. Akiitwa mzimu, anageuzwa marehemu wa ukoo. “Zimwi” la ngano za bibi linakaribia zaidi.