Bafu Lilikuwa Linakula Mtaji Wangu: Nilivyolirekebisha kwa 525,000

Leo siongelei matangazo wala bei. Naongelea bafu. Soma tu, utaona linahusu biashara.

Mimi nauza magauni ya watoto mtandaoni. Sina fremu, stoo yangu ni chumba changu hapa nyumbani kwa mama, Mbagala, na kinapakana ukuta na bafu. Mwaka jana mteja alinirudishia gauni. Akasema, "Dada, gauni zuri ila linanuka ukungu." Nikaenda kukagua mzigo. Magauni 19 yalikuwa na madoa meusi. Nilinunua kwa 9,000 kila moja, piga hesabu: 171,000 imeoza ukutani.

Kosa langu la kwanza, nilipaka rangi. Baada ya wiki tatu rangi ikatoa malengelenge na unyevu ukarudi vile vile. Ukuta ukilowa kwa ndani, rangi ni kuuvalisha nguo tu.

Fundi wa kwanza akaniambia 1,400,000: tubomoe kila kitu, tubadilishe sinki la choo, marumaru mpaka juu. Mkononi nilikuwa na mtaji wa mzigo. Kidogo niuguse. Mama akaniambia, "Mwanangu, ukila mbegu utapanda nini?" Nikatulia.

Nilichofanya ni hiki:

1. Tafuta maji yanatoka wapi kwanza. Usiku nilifunga koki zote nikapiga picha mita ya maji. Asubuhi namba zilikuwa zimesogea na hakuna aliyefungua maji. Maana yake kuna mahali maji yanavuja, na kwa ukuta ule uliolowa nikashuku bomba la ndani yake. Huu upimaji ni bure kabisa.

2. Okoa mzigo kabla ya ukarabati. Siku hiyo hiyo niliusogeza mbali na ukuta, nikaupandisha juu ya chaga, kila gauni ndani ya mfuko wake.

3. Toa hela kwenye faida, siyo mtaji. Niliweka pembeni 60,000 kila wiki kwa wiki 9. Bomba tulitengeneza mwanzoni kabisa, urembo ukasubiri.

4. Pima mwenyewe. Bafu letu ni mita 1.5 kwa 1.8, sakafu ni mita za mraba 2.7. Sisi tunaoga kwa ndoo na kopo, maji hayaruki juu sana, kwa hiyo ukutani niliishia mita 1.2. Ukitoa mlango ni kama mita za mraba 7. Ningefika mita 2.4 ingekuwa mara mbili. Juu nikapaka rangi ya mafuta. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika.

5. Ulizia mabaki dukani. Boksi chache zilizobaki za toleo la zamani huuzwa kwa bei nafuu, na bafu dogo halihitaji nyingi. Za sakafuni chagua zenye kukwaruza, zisizoteleza. Mama yangu ni mtu mzima, akianguka hospitali ni ghali kuliko marumaru.

6. Usiruke dawa ya kuzuia maji. Sakafu ilipigwa plasta upya yenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Ilipokauka ikapakwa dawa mikono miwili, na kwenye kona ikapanda ukutani. Kabla ya marumaru tuliziba tundu kwa tambara, tukajaza maji kidogo, tukaweka alama na kuyaacha siku nzima. Hayakushuka. Ndipo fundi akaendelea.

Matumizi:
- Bomba na koki: 38,000
- Simenti na mchanga: 54,000
- Dawa ya kuzuia maji: 45,000
- Marumaru boksi 8: 188,000
- Gundi na grauti: 50,000
- Rangi: 20,000
- Fundi: 130,000

Jumla 525,000. Vifaa nilinunua mwenyewe, risiti ninazo. Fundi nilimlipa kwa awamu: nusu kazi ilipofika katikati, nusu baada ya kumwaga maji na kuona yote yanakimbilia kwenye tundu, hayatuami.

Sinki la choo ni lile lile la zamani. Mlango bado unalia. Sijali, vitasubiri zamu yao. Ukuta wa chumbani niliuacha ukauke vizuri kabla ya kupaka rangi, na tangu hapo hakuna mteja aliyenirudishia gauni kwa harufu.

Yule mteja wa kwanza nilimrudishia hela yake yote na nauli ya boda juu. Mwezi uliopita kaagiza mawili.

Ndugu yangu unayeuzia nyumbani, leo usiku kabla hujalala, weka kiganja kwenye ukuta ulio nyuma ya mzigo wako. Ukihisi ubaridi wa maji, usikimbilie rangi. Kasome mita.