TAMTHILIYA KATIKA FILAMU: IPI HURU, IPI YAHITAJI IDHINI

Wakazi na watumishi wa umma wa Kilwa na mwambao wa Lindi wanaelezwa kuwa ukongwe wa kisa haufanyi kila andiko lililotungwa juu yake kuwa mali ya wote. Mfano ulio karibu ni Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein, mwenyeji wa mwambao huu wa kusini, iliyochapishwa mwaka 1969.

Vita vya Maji Maji, vilivyoanza katika milima ya Wamatumbi mwezi Julai 1905, ni historia, na historia haina mmiliki. Kikundi chaweza kwenda Nandete, kikasikiliza wazee na kutunga mchezo wake kuhusu Kinjikitile Ngwale. Lakini Hussein mwenyewe alibainisha kuwa Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa. Majibizano yake na Kitunda, mpangilio wa matukio na maneno wanayotamka wahusika ni kazi ya mtunzi. Kuyahamishia katika filamu bila idhini ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kubadili majina ya wahusika, hila ambayo baadhi huidhania kinga, hakusaidii kitu.

Sheria hiyo humlinda mtunzi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, hadai kitu. Hata hivyo, tafsiri hulindwa peke yake. Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi ni Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999; hivyo zinalindwa hadi tarehe 31 Desemba 2049. Asiyetaka kuomba ruhusa na afasiri mwenyewe kutoka Kiingereza cha asili. Si kazi nyepesi, lakini ni halali.

Idhini iombwe kwa maandishi kwa mtunzi au warithi wake, au kwa mchapishaji aliyekabidhiwa haki, na itaje filamu waziwazi. Ruhusa ya kuigiza jukwaani si ruhusa ya kupiga filamu. Maelekezo hutolewa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Kibali cha Bodi ya Filamu ni jambo jingine, wala hakiondoi haja ya idhini hiyo. Watakaopiga filamu Zanzibar wazingatie sheria ya huko ya mwaka 2003.