4x4 ya Zamani Inakula Pesa Kidogo Kidogo: Piga Hesabu Hii Kabla ya Kununua

Simama Otonglo asubuhi utaziona: Prado za miaka ya tisini, Pajero, Escudo, Land Rover moja moja, zote ziko kwenye lami ya barabara ya Busia zikielekea Kisumu mjini. Nyingi zilinunuliwa kwa ajili ya safari za nyumbani. Ukipita Kisian kwenda Seme au Bondo, lami ikiisha ni mawe. Upande wa Ahero na Nyando mvua ikinyesha, udongo mweusi unanasa gari dogo hadi mlango. Hapo 4x4 ni raha tupu. Shida ni siku nyingine zote.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo ile Prado ya bei poa unayoonyeshwa imeshazunguka hapa nchini miaka mingi. Bei iko chini kwa sababu.

Anza na mafuta. Tuseme unaendesha kilomita 32 kwa siku: nyumbani, kazini, shule ya watoto. Ukipata kilomita 8 kwa lita, hizo ni lita 4 kila siku. Siku 26 ni lita 104. Kigari kidogo cha kilomita 16 kwa lita kingetumia nusu yake. EPRA hutangaza bei mpya kila tarehe 14, kwa hivyo zidisha 104 kwa bei ya Kisumu ya mwezi huu uone mwenyewe.

Halafu kuna vile vitu muuzaji hakuambii. Tairi ni kubwa na bei yake ni kubwa pia. Bushi na shokabu zinakwisha. Zile Prado za dizeli za lita 3 zinajulikana kwa kupasuka silinda hedi injini ikichemka, kwa hivyo rejeta inayovuja si kitu cha kuambia fundi "tutaona mwisho wa mwezi". Discovery 3 yenye springi za hewa nayo unaweza kuamka ukaikuta imelalia upande mmoja.

Kwa Dholuo, otonglo ilikuwa sarafu ya senti kumi, na gari hili linakula hivyo hivyo. Fundi 800 leo, oili kesho, bushi wiki ijayo. Kila malipo peke yake yanaonekana madogo. Kama tayari unalo, omba taarifa ya miamala yako ya miezi mitatu, ujumlishe yaliyoenda kwa petroli, fundi na vipuri. Kisha weka akiba ya gari mahali tofauti na pesa ya mboga: 1,000 kwa wiki ni 52,000 kwa mwaka, na silinda hedi haitakupata mikono mitupu. Tunatoa mikopo ya simu, lakini tunasema wazi: usikope kila wiki ili ujaze tangi. Gari likifika hapo, liuze.

Unanunua? Uhamisho wa umiliki hufanywa NTSA kupitia eCitizen: muuzaji anaanzisha, wewe unakubali. Kabla hajaanzisha, usimtumie salio, hata akisema kuna mteja mwingine njiani. Muamala mmoja wa simu kwa kawaida hauzidi shilingi 250,000. Mtu akikuhimiza ugawanye pesa mara nne kwa namba tofauti usiku huo huo, ondoka. Malipo makubwa, nendeni benki pamoja.

Vipuri ndipo wengi huliwa. Kisumu ukikosa, utaambiwa viko Kirinyaga Road, Nairobi, tuma pesa vipandishwe basi la usiku. Omba picha ya kipuri chenyewe na namba yake, umwonyeshe fundi wako. Lipa kwa till ya duka, si namba ya mtu binafsi, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Jina likikosa kufanana na la duka, katiza hapo hapo, upige simu dukani uulize.