Mafunjo ya Lubigi na karatasi za Kaizari

Katika ukingo wa magharibi wa Kawempe, mojawapo ya tarafa tano za Jiji la Kampala, mitaro ya maji inayopita Kalerwe na Bwaise huishia katika kinamasi cha Lubigi. Humo humea mafunjo, ambayo Waganda huyaita ebitoogo: mabua ya kijani yenye pembe tatu, yasiyo na majani, yanayoweza kufikia urefu wa mita tano na kubeba kileleni kishungi cha nyuzi zilizotawanyika kama nywele. Wakazi huyakata ili kufuma mikeka, kuezeka vibanda na kuwashia moto. Mwanafunzi anayepita hapo asubuhi na mkoba wake wa madaftari hana sababu ya kufikiri kwamba mmea huo ulikuwa daftari la Dola ya Roma.

Usemi huo ni wa kweli kwa maana yake ya wazi kabisa. Mafunjo ya Lubigi ni ya aina ile ile iliyomea kando ya Mto Nile nchini Misri, ambayo wanasayansi huiita Cyperus papyrus, na ambayo kwa karne nyingi Warumi waliitumia kuandikia sheria, hesabu za kodi, barua na vitabu. Kiswahili chenyewe kimehifadhi kumbukumbu hiyo. Neno karatasi limetokana na qirtas la Kiarabu, nalo lilitoka katika khartes, neno la Kigiriki lililotaja ukurasa wa mafunjo. Neno kalamu lina safari kama hiyo: nyuma ya qalam ya Kiarabu lipo kalamos la Kigiriki, yaani tete, kwa kuwa waandishi wa zama hizo walichonga tete na kulichovya katika wino.

Ukurasa unaojigundisha wenyewe

Maelezo marefu zaidi yaliyosalia kuhusu utengenezaji wa karatasi hiyo yaliandikwa na Pliny, ofisa wa Kirumi aliyekusanya elimu ya zama zake katika vitabu 37 na kufariki mwaka 79 BK wakati mlima Vesuvius ulipolipuka. Anaeleza kwamba bua lilimenywa, kisha moyo wake mweupe ukachanwa vipande vyembamba na vipana kadiri ilivyowezekana. Vipande vilipangwa ubavu kwa ubavu juu ya ubao, na juu yake ikawekwa safu ya pili iliyokata ile ya kwanza. Safu hizo mbili zilishindiliwa, zikaanikwa juani, na uso wake ukasuguliwa kwa kombe au pembe ya ndovu hadi ukawa laini. Kurasa zilizopatikana ziliunganishwa kwa gundi zikawa gombo, yaani karatasi ndefu ya kuviringishwa. Kwa hesabu ya Pliny, gombo halikuzidi kurasa 20.

Pliny aliamini kwamba maji ya tope ya Nile ndiyo yaliyofanya kazi ya gundi kati ya safu hizo. Katika hilo alikosea. Majaribio ya siku hizi yameonyesha kwamba utomvu wa bua unatosha kuzishikanisha bila msaada wa kitu kingine.

Jamii ya Kirumi, iliyopenda kuwapanga watu kwa madaraja, iliyapanga hata makaratasi. Karatasi bora iliitwa kwa jina la Kaizari Augustus, na iliyofuata kwa jina la mkewe, Livia. Chini yake ilikuwapo ile ya vitabu vitakatifu, kisha za kawaida, na mwisho kabisa karatasi ya wafanyabiashara ambayo haikufaa kuandikiwa bali kufungia bidhaa. Kaizari Claudius aliona kwamba ile ya Augustus ilikuwa nyembamba mno kiasi cha wino kuonekana upande wa pili, akaamuru itengenezwe nyingine nzito zaidi.

Utegemezi huo ulikuwa na hatari yake. Wakati wa Kaizari Tiberius, aliyetawala kuanzia mwaka 14 hadi 37 BK, karatasi ilipungua sana hata maseneta wakateuliwa kusimamia ugawaji wake, kwa sababu, anavyoeleza Pliny, bila hivyo maisha yangevurugika. Dola iliyokuwa na majeshi kutoka Hispania hadi Siria ilijikuta ikihangaikia mmea wa kinamasini.

Dola inayohesabu watu wake

Misri ilitwaliwa na Roma mwaka 30 KK, baada ya kifo cha Malkia Cleopatra. Pamoja na ngano iliyosafirishwa kuulisha mji wa Roma, Warumi walirithi nchi yenye mafunjo na makarani wengi, nao wakazitumia hazina hizo mbili ipasavyo. Kila baada ya miaka 14 kulifanyika sensa ya nyumba kwa nyumba. Mwenye nyumba alipeleka tamko la maandishi likiwataja wote walioishi kwake: majina, umri, uhusiano wao, wapangaji, na watumwa pia. Matamko zaidi ya 300 ya namna hiyo yamesalia hadi leo.

Sababu ya juhudi hizo ilikuwa kodi ya kichwa, jambo ambalo wazee wa Uganda, walioishi chini ya kodi iliyosimamishwa mwaka 2005, hawahitaji kuelezwa sana. Wanaume wa Misri kuanzia umri wa miaka 14 hadi kupita kidogo 60 walilipa kila mwaka. Wanawake hawakulipa. Wala hawakulipa waliokuwa na uraia wa Roma au wa mji wa Aleksandria, na wakazi wa miji mikuu ya wilaya walipunguziwa. Hivyo karatasi moja yenye jina la babu na mahali alipoandikishwa iliweza kuamua mjukuu atoe kiasi gani. Vitabu vya shule hupenda kueleza utawala wa Kirumi kwa vita na majemadari. Mwanakijiji wa Misri aliujua zaidi kupitia karani.

Jaa la Oxyrhynchus

Mambo haya yanajulikana kwa sababu ya takataka. Mwaka 1896 vijana wawili wasomi wa Kiingereza, Bernard Grenfell na Arthur Hunt, walianza kuchimba majaa ya mji wa kale wa Oxyrhynchus, kiasi cha kilomita 160 kusini mwa Cairo. Kwa kuwa mvua ni haba mno mahali hapo, karatasi zilizotupwa na Wamisri wa enzi ya Warumi hazikuoza. Vipande vipatavyo 500,000 vilipelekwa Oxford, na kazi ya kuvisoma na kuvichapisha, iliyoanza mwaka 1898, ingali inaendelea. Barani Ulaya kwenyewe, ambako hewa ni ya unyevu, karibu kila kitu kilioza. Magombo ya Herculaneum yalisalia tu kwa kuwa yaligeuzwa makaa na ule mlipuko uliomuua Pliny. Neno la kwanza kutoka ndani ya gombo lililofungwa lilisomwa kwa msaada wa kompyuta mwaka 2023.

Katika majaa hayo ndipo wanapokutwa watu ambao wanahistoria wa Roma hawakuwajali. Mvulana aitwaye Theon, wa karne ya pili au ya tatu, anamwandikia baba yake kwa hati mbovu na tahajia iliyojaa makosa. Baba amesafiri bila kumchukua. Theon anamwambia kwamba asipompeleka Aleksandria, hatamwandikia tena, hatamsalimu wala kumpa mkono. Anadharau zawadi aliyotumiwa. Na kwa kumalizia anatishia kugoma kula na kunywa. Mzazi yeyote wa Kawempe angemtambua mtoto huyo mara moja.

Barua nyingine haichekeshi. Mwaka 1 KK kibarua aitwaye Hilarion, aliyekuwa akifanya kazi Aleksandria, anamwandikia Alis, mama mjamzito aliyebaki nyumbani. Anamsihi amtunze mtoto wao mdogo, anaahidi kutuma fedha mara tu atakapolipwa, na anashangaa Alis awezaje kudhani kwamba amemsahau. Katikati ya maneno hayo ya upendo anaagiza kwamba akijifungua wa kiume amlee, na akiwa wa kike amtupe. Sheria haikumkataza. Watoto waliotupwa waliweza kuokotwa majaani na kulelewa kama watumwa, na hati za kuwalipa wanyonyeshaji wa watoto hao zimo miongoni mwa karatasi zilizosalia.

Wanafunzi wa zama hizo walipata karatasi kwa nadra. Gombo moja liliweza kugharimu ujira wa kibarua wa siku kadhaa, kwa hiyo walijifunza herufi kwenye vigae vya vyungu vilivyovunjika au kwenye vibao vilivyopakwa nta. Hata watu wazima waligeuza karatasi na kuandika upande wa nyuma. Maandishi ya Katiba ya Waathene, kitabu kinachohusishwa na Aristotle ambacho wasomi walidhani kimepotea, yalikutwa nyuma ya hesabu za shamba moja la Misri za mwaka 78 na 79 BK.

Askari wa Nero mbele ya mafunjo

Warumi walitaka pia kujua Nile unatoka wapi. Mnamo mwanzo wa miaka ya 60 BK, Kaizari Nero alituma kikosi cha askari wake kupanda mto huo. Seneca, mwanafalsafa aliyekuwa mwalimu wa Nero, aliandika aliyoyasikia kutoka kwa maakida wawili waliorudi. Mfalme wa Ethiopia, jina walilolitumia kwa nchi ya kusini mwa Misri, aliwasaidia na kuwakabidhi kwa wafalme waliofuata. Mwishowe walifika kwenye vinamasi visivyo na mwisho. Mimea ilikuwa imesukana na maji kiasi kwamba haikuwezekana kupita kwa miguu wala kwa chombo, isipokuwa mtumbwi mdogo wa mtu mmoja. Wenyeji hawakujua mahali vinapoishia. Kikosi kikarudi.

Wanahistoria wengi wanaona kwamba mahali hapo ni Sudd, katika Sudan Kusini ya leo, penye mafunjo mengi ajabu. Basi mmea uliobeba amri za Kaizari ndio uliowazuia askari wake. Na maji yaliyokuwa mbele yao yalitoka huku: maji ya Lubigi huingia Mto Mayanja, yakafuata Mto Kafu hadi kwenye Nile, yakapita Ziwa Albert na kuteremka mpaka Sudd. Karne moja baada ya Nero, Ptolemy wa Aleksandria aliandika kwamba Nile hutokana na maziwa yanayolishwa na theluji ya Milima ya Mwezi, ambayo wengi huilinganisha na Rwenzori. Warumi hawakuona hata kimoja kati ya hivyo.

Mmea uliotoweka Misri

Karatasi iliyotengenezwa kwa matambara, ufundi uliofika nchi za Kiarabu kutoka China, iliyaondoa mafunjo sokoni kufikia karne ya 11. Mashamba hayakutunzwa tena, vinamasi vikageuzwa mashamba ya nafaka, na kufikia karne ya 19 mmea uliokuwa alama ya Misri ulikuwa karibu umetoweka huko. Mhandisi Hassan Ragab alipotaka kufufua ufundi wa karatasi hiyo katika miaka ya 1960, ilimlazimu kuleta miche kutoka Sudan. Nchi iliyouza mafunjo kwa dunia nzima iliyaagiza kutoka juu ya mto.

Lubigi bado kuna mafunjo, ingawa eneo lake limepungua. Barabara ya mchepuko ya kaskazini imekatiza humo, udongo umemwagwa, nyumba zimejengwa. Mwezi Juni 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilianza kuwaondoa watu waliokuwa wakiishi ndani ya kinamasi hicho, na familia nyingi zikabaki bila makao; kwa mpangaji maskini, kinamasi kilikuwa mahali pekee pa bei aliyoimudu. Wakati huo huo mtambo wa kusafisha majitaka, ulioanza kazi mwaka 2014, humwaga maji yake humo, na mizizi ya mafunjo hufyonza naitrojeni na fosforasi zinazosalia. Mahali mafunjo yanapoondolewa, mvua ya Bwaise hukosa pa kutulia na huingia majumbani.

Kwa mwalimu wa historia wa Kawempe, mabua mawili au matatu mabichi kutoka kwa wafuma mikeka yanatosha kwa somo. Darasa litahitaji kisu kikali, kipande cha kitambaa, mbao mbili na mawe mazito ya kushindilia. Baada ya siku chache za kukauka, ukurasa ukiinuliwa dirishani, nyuzi zinazokatana zitaonekana kwenye mwanga, kama zilivyo katika barua ya Theon.