Nati Iliyokazwa Kupita Kiasi Haiko Salama

Haipiti wiki bila mtu kuja gereji na mashine mpya ya kufungulia nati, ile ya betri, boksi bado liko mkononi, aniulize: "Fundi, hii imeandikwa Nm 600. Itakaza tairi vizuri, au niirudishe Kariakoo nikachukue ya 1000?"

Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza, na gari lako linataka Nm 103. Toyota ndogo nyingi tunazoendesha hapa, zenye stadi (zile boliti za kwenye habu) za milimita 12 na nati zinazoingia soketi ya 21, vitabu vyake vinasema hivyo, au karibu na hapo. Ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 35 kwenye ncha ya spana ya sentimita 30. Mtu mzima anaifikia nguvu hiyo kwa mikono yake. Hizo 600 ulizoambiwa dukani ni za kung'oa nati iliyoshikwa na kutu. Kazi ya mashine hii ni kufungua.

Lakini ukimwambia mtu hivyo hakubali, kwa sababu ameshaamini kwamba nati ikikazwa zaidi, tairi nalo linakaa salama zaidi. Imani hiyo ni ya hatari, na imeenea kuanzia kwa wenye magari mpaka kwa mafundi pancha wanaozipiga nati mpaka mashine igome ndipo waseme "tayari, bosi."

Stadi ni chuma, na chuma huvutika. Unapokaza nati, unaivuta stadi kama springi. Kule kutaka kwake kurudi kwenye urefu wake wa mwanzo ndiko kunakolibana rimu kwenye habu. Ukiivuta ndani ya kipimo, inarudi. Ukiivuta kupita kipimo, hairudi tena: imerefuka moja kwa moja, haina uhakika wa kubana, na kila ukiikaza tena unazidi kuimaliza. Kwa macho huoni kitu. Nati ipo mahali pake, inang'aa, ukiigusa haichezi. Kisha siku moja, gari likiwa na abiria na mizigo, stadi moja inakatika. Zilizobaki zinabeba kazi yake, nazo zilipigwa na mashine ileile, siku ileile.

Na diski ya breki je? Imebanwa katikati, kati ya habu na rimu. Nati moja ikikazwa Nm 90 na jirani yake 300, diski haikai sawasawa. Baada ya muda ukikanyaga breki pedeli inatetemeka, na mwenye gari anauziwa diski mpya. Nimepokea gari lililobadilishwa diski mara mbili na mtetemo ukarudi mara zote mbili. Diski hazikuwa na kosa. Kila mara zilifungwa kwa mtindo uleule.

Halafu fikiria pancha ya usiku, barabarani, mvua inanyesha. Spana iliyo kwenye buti ni fupi. Nati iliyopigwa mpaka Nm 300 inataka kama kilo 100 kwenye ncha ya spana hiyo. Mama mwenye kilo 60 anapanda juu yake kwa miguu miwili, nati haitikisiki, spana inachomoka, anaanguka kwenye lami huku malori yanapita. Fundi aliyezikaza yuko nyumbani amelala.

Wapo wanaoniambia, "Mimi naiachia mapema, mkono wangu unajua." Mkono haujui. Ndani ya mashine kuna nyundo inayogonga maelfu ya mapigo kwa dakika, na nguvu inayoifikia nati inabadilika kwa chaji ya betri, uzito wa soketi, eksitensheni uliyounga na kutu iliyopo. Sekunde mbili za asubuhi si sekunde mbili za jioni. Vitufe vya 1, 2 na 3 vinapunguza ukali wa mapigo tu. Havipimi.

Na tafadhali acheni kupaka grisi au oili chafu kwenye stadi "ili zisigande". Karibu 90% ya nguvu ya kukaza huishia kwenye msuguano. Kiasi cha sehemu moja ya kumi ndicho kinachoivuta stadi. Ukiupunguza msuguano kwa grisi, Nm 103 zilezile zinaivuta kupita kipimo. Stadi inatakiwa iwe safi na kavu. Brashi ya waya inatosha.

Sasa, fanya hivi. Tumia soketi nyeusi za mashine. Zile za kung'aa za spana ya mkono zinaweza kupasuka na kurusha vipande, kwa hiyo miwani ya kinga ni lazima, na masikio yazibe. Gari liweke kwenye stendi, usiliamini jeki. Chomoa betri kila unapobadilisha soketi. Usidondoshee oili ndani ya mashine. Hiyo ni desturi ya zile za upepo, hii ina grisi yake ndani. Ipanguse kwa kitambaa kikavu, matundu yake yasizibe vumbi, na usiisafishe kwa petroli. Betri ikiwa ya moto isubiri ipoe kabla ya kuchaji, na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani. Kama betri ni ya 18V na jirani yako anajivunia 20V, usibabaike: ndani mna seli tano zilezile, ila yeye kahesabiwa zikiwa zimejaa chaji.

Wakati wa kufunga, anza kila nati kwa vidole mpaka ishike meno kadhaa. Ikikataa vidole, usiilazimishe kwa mashine. Zisogeze taratibu kwa kurukaruka mfano wa nyota, shusha gari, umalizie kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Tembea kilomita 50 hadi 100, uzipitie tena. Kisha irudishe toki renchi kwenye namba yake ya chini kabisa kabla ya kuihifadhi, maana springi yake nayo ikiachwa imebanwa huchoka na kuanza kukupa kipimo cha uongo.