UFAFANUZI WA MANENO YA UPIMAJI WA MIONZI KWA WATUMISHI NA WANANCHI WA KIBONDO NA KASULU

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Wilaya za Kibondo na Kasulu, Mkoani Kigoma, wanafahamishwa maana ya maneno yanayotumika katika upimaji wa mionzi na kinga yake. Kuyachanganya maneno hayo kuna hasara. Namba 20 ikiandikwa peke yake haielezi kitu: mikrosiveti 20 ni takriban dozi ya picha moja ya kifua, lakini milisiveti 20 ni mara elfu moja ya hiyo, nacho ndicho kikomo cha wastani cha mwaka mzima kwa mfanyakazi wa mionzi.

Bekereli hupima chanzo, yaani idadi ya viini vya atomu vinavyovunjika kila sekunde katika kitu chenye mionzi. Mashine ya eksirei haipimwi kwa bekereli. Ikizimwa, mionzi hukoma papo hapo, na aliyepigwa picha hatoki na mionzi mwilini wala hana cha kuwaambukiza watu wa nyumbani kwake.

Grei hupima nishati iliyofyonzwa na mwili: jouli moja kwa kila kilo. Siveti, iliyopewa jina la mwanafizikia Rolf Sievert wa Sweden, hupima uzito wa madhara. Grei moja ya eksirei huhesabiwa siveti moja. Grei moja ya chembe za alfa huhesabiwa siveti 20, kwani chembe hizo huharibu seli zaidi. Vitabu vya zamani hutaja remu, na remu moja ni milisiveti 10.

Hakuna asiyepata mionzi kabisa. Wastani wa dunia wa mionzi ya asili, itokayo ardhini, hewani, angani na katika chakula, ni milisiveti 2.4 kwa mwaka. Katika nyanda za juu kama hizi, miale ya angani huwa mingi kidogo kuliko pwani.

Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa vya mwaka 1990, mwananchi asizidishiwe milisiveti 1 kwa mwaka. Mfanyakazi asizidi wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika miaka mitano, wala 50 katika mwaka wowote mmoja. Mionzi ya asili haimo katika hesabu hiyo, wala ya matibabu. Kwa hiyo mwenye kikohozi cha wiki mbili na zaidi, akiandikiwa picha ya kifua kwa kushukiwa kifua kikuu, asiikatae kwa kuogopa kikomo. Kuchelewa kutambuliwa kwa ugonjwa huo ni hatari kubwa zaidi. Mjamzito amjulishe mpiga picha kabla ya kuingia chumbani. Ndugu anayemshika mtoto apewe aproni ya risasi. Asiye na kazi humo atoke.

Beji ya mfanyakazi haikingi mionzi, huiweka katika kumbukumbu tu. Iliyotundikwa ukutani hupima ukuta. Huduma ya kusoma beji na ukaguzi wa mashine ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 kushika nafasi ya Tume ya Taifa ya Mionzi. Matokeo ya beji yakirudi, mwenye beji ana haki ya kuonyeshwa namba yake pamoja na kipimo chake.